Mtandao wa zamani ukizimwa, mteja wa kitochi kisiwani aandaliwe vipi?

Swali: Ninaendesha duka la simu na uwakala wa fedha hapa Nansio, Ukerewe. Wateja wangu wengi ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wakulima wa visiwa vya jirani, na wengi wao wanatumia vitochi, yaani simu ndogo za batani. Siku hizi wananiuliza kama ni kweli kwamba mtandao wa zamani utazimwa na simu zao kufa, kwa sababu vijana wamesoma habari za nchi za nje. Sijui niwajibu nini. Siku kampuni ikitangaza, niwaandae vipi, nianze na nani, na nianze lini? Na je, niache kuagiza vitochi?

Jibu: Ninaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalogusa mtaji wako. Usiache kuagiza vitochi. Acha, tena kuanzia mzigo unaofuata, kuagiza simu janja zinazoishia 3G pamoja na vile vifaa vya kugawia intaneti vya 3G ambavyo wauzaji wa jumla huvitoa kwa bei ya chini kupita kawaida. Jibu hili linapingana na maneno ya vijiweni kwamba kitochi ndicho kitakachokufa kwanza, na sababu yake itaonekana tukielewa jinsi simu inavyoshuka ngazi.

Mnara mmoja unaouona kilimani hurusha mitandao kadhaa kwa wakati mmoja. 2G, iliyoanza kutumika kibiashara Finland mwaka 1991, ilibuniwa kwa ajili ya sauti, na meseji pamoja na menyu za nyota na reli zikapanda humo humo. 3G ilianza Japani mwaka 2001 ikaongeza kasi ya intaneti. 4G, iliyofunguliwa Stockholm na Oslo mwishoni mwa 2009, ni mtandao wa data mtupu, na ndani yake hakuna njia ya sauti ya namna ile ya zamani. Kwa hiyo simu iliyokaa kwenye 4G ikitaka kupiga, ina njia mbili tu. Ama ina uwezo wa VoLTE, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa data ikapita humo humo kwenye 4G, na mtandao wa kampuni unautambua uwezo huo. Ama inaiacha 4G kwa muda, inashuka kwenye 3G au 2G, inapiga, kisha inapanda tena mazungumzo yakiisha. Mteja haoni kitu isipokuwa alama ndogo juu ya kioo kubadilika. Ukitaka kujua hatima yake, jina la simu halitakusaidia sana. Lazima ujue simu hiyo ikitaka kupiga inashukia wapi, na kama ngazi inayoshukia itakuwepo.

Sasa, mtandao wa zamani unaosemwa ni upi? Vijana wako wamesoma habari za nchi zilizofuata njia mbili tofauti, wakazichanganya. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G mwaka 2017 ulipoanza, kisha 3G mwezi Februari 2022. Australia nayo ilimaliza 2G kati ya 2016 na 2018, halafu kampuni za Telstra na Optus zikazima 3G tarehe 28 Oktoba 2024. Kwa kampuni hizo, chini ya 4G hakuna tena kitu cha kushukia. Uingereza walikwenda kinyume: wameanza kuzima 3G na kuibakiza 2G, na serikali pamoja na kampuni zilikubaliana tangu Desemba 2021 kwamba mitandao yote miwili itakuwa imeondoka ifikapo 2033. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini imeweka lengo la kuzima 2G na 3G ifikapo mwisho wa 2027.

Kwa mazingira yetu, maoni yangu ni kwamba njia ya Uingereza ndiyo yenye mantiki, na siyo kwa huruma bali kwa hesabu. Chaneli moja ya 2G hula masafa ya kilohezi 200 tu, wakati 3G inadai megahezi 5, ambayo ni mara 25. Kampuni inaweza kukibakiza kipande chembamba cha masafa kwa ajili ya vitochi na mashine, ikachukua eneo lote la 3G na kuliachia 4G. Hiyo ni hesabu ya mhandisi, na tarehe ni jambo jingine: tarehe hutangazwa na kampuni husika na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na wewe kama wakala usimtajie mteja mwezi wala mwaka ulioupata kijiweni.

Chukulia basi kwamba 3G imezimwa na 2G imebaki. Mzee wa kitochi hatajua hata kama kuna lililotokea. Atakayerudi dukani kwako kwa hasira ni kijana wa simu janja ya 3G, kwa sababu simu yake itapiga na kupokea kama kawaida, lakini WhatsApp itazunguka mpaka achoke na video hazitafunguka. Simu aliyoinunua kwa fedha ya msimu mzima wa dagaa imerudi kuwa kitochi chenye kioo kikubwa na betri isiyofika jioni. Mwenye simu ya 4G isiyo na VoLTE atashuka hadi 2G kila anapopiga, na intaneti yake itasimama muda wote anaozungumza. Siku 2G nayo ikizimwa, kitochi kinakuwa tochi tu. Yule wa 4G isiyo na VoLTE atakuwa katika hali ya ajabu zaidi: intaneti inakwenda mbio, simu za WhatsApp zinaita, lakini simu ya kawaida haitoki na menyu ya fedha haifunguki. Mteja wa namna hiyo ndiye mgumu kumweleza, kwa kuwa machoni pake simu ni mpya, ina 4G, na haina kosa.

Kipimo unaweza kukifanya mezani kwako kwa dakika moja. Hakikisha simu inaonyesha 4G, mwambie mteja apige namba yoyote, na mkitazame kioo wote wawili wakati inaita. Alama ikibaki 4G, au yakitokea maandishi ya VoLTE, simu inapiga juu ya 4G. Ikibadilika kuwa H au 3G, inashukia 3G. Ikiwa E au G, inashukia 2G. Rudia kipimo hicho mara mbili, kwa sababu mnara uliojaa huweza kukupotosha. Jihadhari hasa na simu zilizotumika zinazotoka Marekani na Dubai. Nyingi zina VoLTE ndani, lakini kampuni ya hapa haijaiweka aina hiyo ya simu kwenye orodha inayotambuliwa, au simu yenyewe haina baadhi ya masafa yanayotumiwa na minara yetu. Vilevile, kitochi kilichoandikwa 4G kwenye boksi hakikupi uhakika wa VoLTE. Kipime kabla hujalipia katoni.

Jambo la menyu ya fedha linahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndilo litakalogusa uwakala wako. Mteja anapobonyeza *150*00# au namba ya kampuni nyingine, hatumii intaneti. Anatumia njia iitwayo USSD, ambayo ni mtoto wa 2G, na ndiyo iliyoiwezesha M-Pesa, tangu ilipoanza nchini mwaka 2008, kumfikia mtu asiye na bando wala simu janja. Simu iliyo kwenye 4G ikipiga menyu hiyo hushuka ngazi vilevile kama inavyoshuka kwa sauti, isipokuwa pale ambapo kampuni imeijengea USSD njia mpya juu ya mfumo uleule wa VoLTE na simu yenyewe inaielewa. Kwa hiyo ipo hali ambapo simu inapiga vizuri kwa 4G lakini menyu ya fedha inashuka chini. Ukimaliza kupima sauti, pima na menyu, kwa kuangalia salio tu, huku macho yakiwa kwenye alama ileile. Meseji hazina usumbufu mkubwa namna hiyo, kwani mitandao mingi huzipitisha bila simu kuiacha 4G.

Utaambiwa kwamba programu za simu zitachukua nafasi ya menyu. Kwa mfanyakazi wa Nyamagana, Mwanza mjini, huenda. Kwa mama anayenunua dagaa kwenye visiwa vya Ghana au Ukara, ambaye hana bando tangu juzi na anataka kutuma fedha ya mzigo kabla mtumbwi haujaondoka, programu inayodai intaneti na kusasishwa kila mara haijawa mbadala wa nyota na reli. Hilo unapaswa kulisema wazi unapokutana na maofisa wa kampuni, kwa kuwa wengi wao wako Mwanza mjini au Dar es Salaam na simu zao hazijawahi kukosa bando.

Kisa cha Australia kina funzo ambalo halikutarajiwa hata na wahandisi. Kampuni zilikuwa zimehesabu simu za 3G na kuwaonya wenye simu hizo kwa muda mrefu. Kisha, mwaka 2024, ikadhihirika ukubwa wa tatizo jingine: zilikuwepo simu za 4G ambazo mazungumzo ya kawaida zilipitisha kwa VoLTE bila shida, ila mtu akipiga namba ya dharura, ambayo kwao ni 000, zilipangwa kiwandani kushukia 3G. Mwenye simu asingegundua kasoro hiyo mpaka siku ya ajali. Tarehe ya kuzima ikasogezwa, na wateja wakaelekezwa watume meseji yenye tarakimu moja tu, yaani 3, kwenda 3498 wajibiwe kama simu yao iko salama. Waliokuwa na simu zenye kasoro walisikia pia sauti ya onyo kila walipopiga, kabla simu haijaanza kuita. Napenda njia hiyo kuliko meseji, maana mtu asiyesoma meseji za kampuni, nasi tuko wengi, hawezi kuikwepa sauti inayomsemesha kabla hajaunganishwa. Kampuni ikikuuliza ushauri, waombe sauti ya namna hiyo kwa Kiswahili kifupi, na Kikerewe, Kijita au Kisukuma pale inapowezekana. Namba ya dharura usiipime wewe dukani kwa kuipiga bure. Hilo ni jukumu la kampuni, ambayo inaziona aina zote za simu zilizounganishwa na minara yake kwa namba zao za utambulisho.

Sisi tunalo zoezi la kufanana na hilo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, mteja alikuwa amekwisha kupewa njia rahisi ya kujikagua: *#06# ili apate namba ya utambulisho, kisha kuituma kwenda 15090 ajibiwe. Nilikuwa Mwanza wakati huo, na nakumbuka kwamba waliokagua mapema walikuwa wachache sana kuliko waliokuja asubuhi ya tarehe 17 wakiwa na simu mkononi na swali mdomoni. Njia ya kujikagua ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumshika mkono yule asiyejua reli iko wapi kwenye batani zake. Mtu huyo, kwa Nansio, ni wewe.

Tukitoka kwenye simu, tuje kwenye laini, ambayo husahaulika na mara nyingi ndiyo chanzo cha usumbufu wote. Laini za zamani, zile za enzi za 2G, haziwezi kujitambulisha kwenye 4G. Mteja anaweza kununua simu nzuri yenye VoLTE, akaingiza laini aliyonayo tangu kabla hajaoa, na simu ikabaki chini kana kwamba 4G haipo kisiwani. Atalaumu simu, atakulaumu wewe, na dawa ni kubadilishiwa laini kwa namba ileile. Kubadilisha laini si kazi ya dakika tano kwa kila mtu. Inadai alama za vidole na namba ya NIDA ya mwenye laini, na hapo ndipo pana mtego: laini nyingi za wazee visiwani zimesajiliwa kwa jina la mtoto, mjukuu au tajiri mwenye mitumbwi, kwa sababu wakati wa usajili wa alama za vidole, uliofungwa tarehe 20 Januari 2020 baada ya kusogezwa kutoka Desemba 31, wengi walikuwa bado hawana namba ya NIDA na waliomba wasajiliwe na aliyekuwa nayo. Mjukuu huyo leo yuko Geita au Kahama. Bila yeye laini haibadilishwi, na fedha iliyomo inakaa mikononi mwa bahati.

Ndiyo maana ninakushauri uanze na laini kabla ya simu. Mteja anaweza kuangalia kwa *106# usajili wake, na kazi hiyo haihitaji tangazo la kampuni wala tarehe yoyote. Inaweza kuanza Jumatatu. Kabla ya kubadilisha laini yoyote, hamisha majina yaliyohifadhiwa ndani ya laini yenyewe, kwa kuwa hayafuati namba. Mchuuzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba asingelia sana kupoteza simu kama alivyolia kupoteza majina 200 ya wanunuzi wake wa Musoma na Mwanza, na sikuwa na la kumjibu, maana aliyembadilishia laini alikuwa fundi wa kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi.

Mashine nitazipitia kwa haraka. AT&T ilipozima 2G, mojawapo ya vitu vilivyonyamaza San Francisco vilikuwa vibao vya vituoni vilivyokuwa vikitangaza basi linalofuata litafika baada ya dakika ngapi; hakuna aliyekumbuka kwamba ndani yake mlikuwa na laini za 2G. Kwetu, pitia mashine za EFD za kutolea risiti za maduka makubwa, mashine za kadi za benki, vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi, vile ambavyo wakopeshaji wa bodaboda huvificha chini ya kiti, na baadhi ya mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo. Vingi hutumia 2G kwa kuwa ni rahisi na hula umeme mdogo. Mwenye kifaa amuulize aliyemuuzia, kwa maandishi, ni mtandao gani unaotumika ndani. Wewe usijiingize kuvifungua.

Ziwa linanihangaisha zaidi. Huko mjini, mnara mmoja ukipunguziwa kitu, mwingine uko Kirumba au Igoma kuuokoa. Juu ya maji hakuna wa kuokoa. Umbali wa mawimbi hutegemea masafa yenyewe: yale ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali kuliko ya 1800 au 2100. 2G nyingi imekaa kwenye 900, na kwa mpangilio wake wa kawaida mnara wa 2G unaweza kumhudumia mtu hadi kilomita 35 hivi, kikomo kinachotokana na namna unavyopima muda wa mawimbi kwenda na kurudi. Juu ya ziwa tambarare, bila majengo wala miti, umbali huo hufikiwa kweli. 3G iliyokaa kwenye 2100 haifiki huko, kwa hiyo kwa mnara wa namna hiyo mvuvi wa mbali hatapoteza kitu 3G ikiondoka. 2G ikiondoka ndipo itategemea kama kampuni imeiweka 4G kwenye masafa ya chini katika minara inayotazama maji. Masafa ya 700 yalikuwemo katika mnada wa TCRA wa Oktoba 2022, kwa hiyo malighafi ipo. La kujua ni kama yamewashwa kwenye mnara wenu.

Niliwahi kushuhudia kosa la namna hii. Mnara mmoja wa kisiwani ulibadilishwa vifaa, na antena mpya zikaelekezwa kwa uangalifu mkubwa kwenye makazi, kwa kuwa ramani ya wateja ilionyesha watu wako huko. Vipimo vilifanywa mchana, kwa gari, barabarani, na matokeo yakawa mazuri mno. Usiku mialo, yaani vituo vya wavuvi ufukweni, ikaanza kulalamika. Ramani ilichukua mahali ambapo watu hukaa mchana. Usiku wa giza nusu ya wanaume wa kisiwa kile wako majini na taa zao. Antena zilirudishwa baada ya wiki kadhaa, na baada ya matajiri wawili kuwa wamehamia mtandao mwingine pamoja na mitumbwi yao yote.

Kwa hiyo kampuni ikitangaza, waambie wapime usiku, kwa mtumbwi, hadi pale wavuvi wanapofika, na wapime kwa simu za bei ya kawaida, maana antena ya simu ya gharama si kipimo cha simu ya mvuvi. Mvuvi mwenyewe aelezwe kwamba simu ya 4G inayotafuta mtandao kwa shida hula betri haraka kuliko kitochi. Anayekaa majini usiku kucha aende na chaji ya kutosha na simu aifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Ikiwa 2G bado ipo, simu janja ya mvuvi iachwe ishikamane na 2G peke yake anapokuwa majini, kupitia mipangilio ya mtandao, kisha airudishe 4G akitia nanga. Ni hatua moja inayofundishika kwa dakika chache.

Kuhusu namna ya kuwafikia, nina imani ndogo na mabango. Runinga ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam ilianza tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza ikafuata mwishoni mwa Februari 2013. Tulikuwa na miezi miwili ya kuwatazama wenzetu wakihangaika na ving'amuzi, na bado wengi wetu tulikwenda kununua wiki ambayo skrini ilikuwa tayari imejaa chenga. Usajili wa laini nao ulisogezwa tarehe, na kila tarehe inaposogezwa, inayofuata huaminiwa nusu. Mtu wa kisiwani huamini alichokiona kikitokea kwenye simu yake mwenyewe. Mpimie mbele ya wenzake, aione alama ikibadilika, na habari itakwenda yenyewe hadi mwalo wa pili.

Wakati mzuri wa zoezi hilo unaujua kuliko mimi. Siku za mbalamwezi, ambapo taa haivuti dagaa, wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu na kurekebisha mitumbwi. Hapo utawapata wakiwa na muda, na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, wanaweza kuwakusanya bila gharama. Siku za giza usijisumbue: mchana wamelala, usiku hawapo. Kampuni nayo iombwe isipange siku ya kuzima ndani ya wiki za giza. Kwa ofisa wa mjini ombi hilo litasikika geni, lakini kalenda ya mwezi inapatikana bure.

Angalia pia matapeli, kwani tangazo la kweli huwapa uongo wao mavazi. Mara tu watu wakisikia kwamba mtandao utazimwa, watapigiwa simu na sauti ya upole ikisema laini yako inahamishiwa 4G, nitajie namba ya siri, au nitajie tarakimu ulizotumiwa sasa hivi. Waambie wateja wako, tena leo, kwamba kuhama mtandao hakuhitaji namba ya siri ya akaunti ya fedha hata mara moja, kwamba laini hubadilishwa ana kwa ana kwa alama za vidole, na kwamba namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Nawe ulinde jina lako: usipokee simu ya mteja na kuingia nayo ndani kwa ajili ya kuipima. Kipimo kifanyike mezani, mkononi mwake.

Swali la uanze na nani linabaki na jibu ambalo huenda usilipende kibiashara. Usianze na mwenye fedha ya kununua simu mpya. Anza na wale ambao simu moja inabeba watu wengi: mwenye mtumbwi anayepokea taarifa za vibarua wake, mhudumu wa afya wa kijiji, mama anayewatumia fedha majirani wasio na simu, nahodha wa boti ya abiria. Waandike kwenye daftari, aina ya simu, inashukia wapi, laini ni ya jina la nani. Daftari hilo ulifungie, maana ni mali yao. Kazi ya laini ianze sasa, bila kusubiri tangazo. Kazi ya simu isubiri tangazo lenye jina la kampuni, mtandao unaozimwa na eneo, kwa sababu mteja ukimuuzia simu ya 4G leo kwa kumtisha na 2G ikaendelea kuwepo miaka mingine, utakuwa umemtoza gharama ya woga. Uingereza ilitaja ukomo wa mitandao yake miwili miaka 12 kabla. Hapa kwetu, ukisikia chini ya mwaka mmoja kwa 2G, hiyo ni notisi ya kuandikia barua TCRA, na barua ikitoka kwa mawakala, BMU na serikali ya kijiji kwa pamoja, ikiwa na hesabu kutoka kwenye daftari lako, itasomwa tofauti na malalamiko ya mtu mmoja.